Kusaka nyimbo mpya za bendi changa, Kisumu hadi Kakamega: shajara ya mradi

Lengo ni hili: kila mwezi nipate nyimbo kumi mpya za bendi zisizo na lebo wala meneja, kutoka Kisumu, Ahero, Maseno, Luanda na Kakamega, huku magharibi mwa Kenya, niziunganishe ziwe kipindi cha kama saa moja ambacho yeyote anaweza kukichukua bure kwenye simu. Wimbo mpya ni ule uliotungwa ndani ya mwaka mmoja. Nyimbo za wakongwe zinazopigwa upya haziingii, hata zikipigwa vizuri namna gani, kwa sababu bendi zetu changa hushinda usiku kucha zikipiga nyimbo za watu wengine huku zao wenyewe zikikosa nafasi. Hizo zao ndizo ninazozifuata.

Majina ya bendi yamo ndani ya kipindi chenyewe, pamoja na namba za kuzikodi. Humu naandika namna kazi inavyofanyika, ili mtu wa Bungoma, Homa Bay au Nakuru aweze kuianza kwake bila kupitia vichaka nilivyopitia.

2 Februari 2025: Mtandaoni

Mapendekezo ya majukwaa ya muziki hufuata zaidi nyendo za wasikilizaji: waliomsikiliza huyu walimsikiliza na yule. Wimbo uliopakiwa wiki jana na kusikilizwa na jamaa wa wapigaji peke yao hauna nyendo za kufuatwa. Haupendekezwi, na kwa kuwa haupendekezwi, hausikilizwi. Nikiandika “benga”, muziki wa magita wa Waluo, naletewa D. O. Misiani na Shirati Jazz. Nikiandika “ohangla”, muziki wao wa ngoma, naletewa Tony Nyadundo. Nawapenda wote wawili, lakini Misiani alifariki mwaka 2006 na mimi natafuta wimbo wa mwaka huu.

Programu za kutambua nyimbo nazo hazikufaa. Zinachukua alama za sauti unayoisikia na kuzilinganisha na rekodi zilizomo kwenye hazina yao, kwa hiyo kinachotambuliwa ni rekodi fulani, si utunzi. Bendi ikiwa jukwaani na wimbo ambao haujawahi kuingia studio, programu haina cha kulinganisha.

Bandcamp inaruhusu kutafuta kwa jina la mji, na hilo ni jambo zuri, ila kwa Kisumu nilikuta wasanii wa studio wengi kuliko bendi zinazopiga vyombo.

Hazina yenyewe iko YouTube, lakini imefukiwa. Nyimbo nyingi za bendi hizi hazipakiwi na bendi. Hupakiwa na wapiga video wa harusi na matanga, katika video ya dakika hamsini ambayo kichwa chake ni jina la kijiji, la marehemu, au la mfadhili aliyemwaga pesa usiku ule. Jina la wimbo halipo. Jina la bendi, likiwepo, limeandikwa kwa tahajia tatu tofauti kwenye chaneli tatu.

Kilichonifungulia njia ni namba za simu. Chini ya video nyingi hupita namba ya kukodi bendi, na namba hiyo haibadiliki hata jina likiandikwa vibaya. Nilifungua daftari lenye safu nne: namba, majina yote niliyoyaona chini ya namba hiyo, chaneli, na dakika ambapo wimbo nisioujua unaanza. Video ambazo nilizidhani za bendi tofauti zikaanza kukaa pamoja chini ya namba moja. Ushauri kwa atakayeiga: usitafute kwa jina la wimbo, chuja kwa tarehe ya kupakiwa, kisha soma namba.

Gharama: bando, sh. 1,500.

16 Februari 2025: Kuwaomba watume wenyewe

Uingereza kuna mpango wa BBC Introducing, ulioanzishwa mwaka 2007: msanii asiye na mkataba anapakia wimbo wake, watangazaji wa eneo lake wanausikiliza, wakiupenda wanaucheza redioni. Nilijaribu kitu cha aina hiyo kwa namba ya WhatsApp, tangazo likazunguka kwenye makundi ya wanamuziki.

Haikufaulu. Waliotuma karibu wote ni waimbaji wa peke yao wenye midundo ya kompyuta, na kwaya za makanisa. Baadhi ni wazuri sana, nimewahifadhi kwa kazi nyingine. Bendi hazikutuma, na sababu ilikuwa wazi nilipoanza kuzipigia: hazina rekodi za kutuma. Studio inalipwa kwa saa, bendi ni watu saba au wanane, na pesa ya shoo ya Jumamosi inagawanywa usiku uleule. Mpango wa kupakia unamfaa aliyekwisha kurekodi. Huku, wimbo unaishi vichwani mwa watu wanane, na lazima uufuate walipo.

23 Februari 2025: Mwenye vyombo anajua

Nilikuwa nauliza kwenye baa nani anapiga wapi. Majibu ni yale yale, bendi tatu maarufu. Fundi mmoja wa ampu karibu na soko la Kibuye ndiye aliyenielekeza. “Omera, acha kuuliza bendi. Uliza vyombo viko wapi Jumamosi.”

Bendi changa nyingi hazina vyombo vyao. Magita labda, lakini spika, mixa na seti ya ngoma hukodishwa, na anayekodisha ana kitabu: nani kachukua, lini, kwenda wapi. Kitabu hicho ndicho kalenda ya muziki wa mji huu. Kwa ruhusa ya wakodishaji, mmoja Kondele na mwingine Nyalenda, mitaa ya Kisumu, nilinakili safari za wiki mbili. Humo mlikuwa na bendi ambazo sikuwahi kuziona kwenye video yoyote.

Jambo la pili nililojifunza wiki hizi ni la saa. Nilikuwa nafika saa nne usiku, ukumbi ukiwa umejaa, na nyimbo zote ni za kuombwa na wateja. Nyimbo mpya hupigwa saa moja na nusu jioni, viti vikiwa bado vitupu, bendi ikijipasha moto. Hapo hakuna wa kuwaomba kitu, basi wanajaribu cha kwao. Nyingine hutoka baada ya saa tisa, waliobaki wakiwa wamechoka kuomba. Katikati ni kazi ya mkate.

Na bora kuliko saa zote hizo ni mazoezi, Jumanne hadi Alhamisi mchana, Manyatta, Nyalenda, au nyuma ya nyumba ya mtu Ahero. Hapo unaweza kumuuliza mpiga solo ametoa wapi mpito wake, naye akakuonyesha taratibu. Kijana mmoja wa Ahero alinichezea nyatiti (kinubi cha Waluo) ya babu yake, nyuzi zake nane, kisha akahamishia mchoro uleule kwenye gita. Benga ilizaliwa hivyo, magita yakifuata vidole vya mpiga nyatiti, na kumwona mtu wa umri wake akifanya kazi ileile upya kulinitosha kuendelea na mradi huu hata pasingekuwa na sababu nyingine.

Gharama: nauli na boda (hadi mwisho wa Juni), sh. 6,200. Soda, chai na mandazi ya mazoezi, sh. 3,800.

16 Machi 2025: Kurekodi

Hapa ndipo pesa na usingizi vilipotea zaidi.

Simu ya mkononi haifai kwa muziki wa ngoma. Si suala la ubora wa maiki peke yake. Simu hujipandishia na kujishushia sauti yenyewe. Ngoma ya ohangla ikidunda, simu inashusha kila kitu, mwimbaji anazama, halafu anapanda polepole mpaka dundo lijalo. Ukiisikiliza rekodi unadhani bendi inapumua. Hakuna programu itakayorekebisha hilo baadaye.

Nilinunua kinasa sauti cha mkononi cha mitumba. Mpangilio ninaoutumia sasa ni WAV, kHz 48, biti 24, na kilele cha sauti nakiweka karibu na desibeli 12 chini ya sifuri wakati bendi inapiga kwa nguvu zake zote. Usipime wakati wa kujaribu vyombo, kwa sababu hakuna mpigaji anayejaribu kwa nguvu atakazotumia baadaye. Kwa mpangilio huo saa moja ya stereo inachukua kama gigabaiti moja, kwa hiyo kadi ya GB 32 inatosha wikendi nzima.

Kisha nikaona ni busara kuchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mixa. Rekodi ilikuwa safi kabisa na haina maana: sauti za waimbaji juu, besi kwa mbali, ngoma karibu hakuna. Katika ukumbi mdogo fundi wa sauti haweki kwenye mixa kile kinachosikika chenyewe. Ngoma zinajitosha, gita la solo lina ampu yake, na mixa inabeba tu kilichokosa nguvu. Mixa haikuambii ukumbi ulisikia nini.

Suluhisho ni vyote viwili kwa pamoja, waya kutoka kwenye mixa kwa ajili ya sauti za watu, na maiki za kinasa mbele ya jukwaa kwa ajili ya bendi. Lakini ukizichanganya hivi hivi, muziki unasikika kama uko ndani ya pipa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo kinasa kilicho mita saba kutoka kwenye spika huipokea kama milisekunde 20 baada ya waya. Kwenye kompyuta icheleweshe rekodi ya waya kwa kiasi hicho. Mimi huwaomba wapige kofi moja kubwa kwenye maiki kabla ya kuanza, nikalinganisha vilele viwili vya kofi hilo kwa macho.

Stima nayo. Ilipotea katikati ya wimbo ambao bendi ya Luanda ilikuwa imeutunga wiki ileile, na kinasa, kikiwa kwenye umeme wa ukutani, kikazimika kabla ya kufunga faili. Faili haikufunguka. Tangu hapo ni betri peke yake, mpya kila usiku, na nasimamisha na kuanza upya kati ya nyimbo ili kila wimbo uwe na faili yake.

La mwisho ni mvua. Masika yameanza, kumbi zetu ni za mabati, na hakuna maiki inayoweza kuutenga wimbo na mvua ya bati. Orutu, fidla ya Waluo, uzi wake mmoja na ule wembamba wa sauti yake, ndiyo inayopotea kwanza. Kuanzia sasa hadi Mei nyimbo za orutu narekodi mchana, kwenye mazoezi, chini ya mwembe ikibidi.

Gharama: kinasa sauti, sh. 9,500. Waya na viunganishi, sh. 1,450. Kadi, sh. 900. Betri, sh. 1,200.

13 Aprili 2025: Wimbo unaanzia wapi na kuishia wapi

Wasomaji wa Kakamega na Nakuru wanivumilie nieleze pakruok. Katika shoo ya ohangla au benga mtu anatoa pesa, bendi inateremsha muziki bila kuukata, naye anajisifu au anamsifu rafiki, kwao, mke wake, ng'ombe wa baba yake, kwa mafumbo na maneno makali matamu. Akimaliza, muziki unapanda tena. Wimbo wa dakika sita unaweza kufika ishirini na mbili.

Kipindi cha saa moja hakiwezi kubeba nyimbo tatu za namna hiyo. Nilikata majigambo yote kwenye wimbo mmoja mzuri wa Nyalenda, nikaunganisha vilivyobaki. Ukawa mifupa. Mwimbaji anajibu majigambo, anabadilisha beti kumkaribisha mwenye kusifiwa, na gita linapanda kwa hasira kwa sababu limetoka kungojeshwa. Ukiondoa pakruok umeondoa sababu ya muziki kupanda.

Nikawaomba bendi nyingine wapige toleo fupi kwenye mazoezi. Wimbo ulitimia, lakini mwendo ulilala, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpigia.

Jibu lilitoka kwenye santuri. Benga ya miaka ya 1970 ilitolewa kwa wingi kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na wimbo usiotosha upande mmoja uligawanywa: sehemu ya kwanza mbele, sehemu ya pili nyuma. Upande wa kwanza hubeba kisa, wa pili huachia magita. Nilipowaeleza bendi ya Nyalenda, mpiga besi alijua papo hapo wimbo wao ungekatika wapi. Sasa nawaalika majirani kwenye mazoezi, chai ipo, watu wanasimama na kucheza. Bendi inapiga sehemu ya kwanza, inavuta pumzi, inapiga ya pili yenye pakruok moja au mbili tu kutoka kwa majirani wenyewe. Dakika saba hadi nane jumla. Kila mpigaji anaona ni wimbo wake bado, na hiyo ndiyo kipimo changu.

Kakamega shida ilikuwa nyingine. Bendi moja ya vijana inaweka magita juu ya ngoma za isukuti, na isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazosemezana. UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mwaka 2014. Nikiweka kinasa mbele kama kawaida, ngoma ndogo inafunika zote. Nilikihamisha nyuma ya ngoma kubwa, hatua tatu hivi, kimo cha kiuno, na mazungumzo ya ngoma yakasikika yote. Wimbo wao ndio ulio mbele kabisa katika kipindi cha kwanza.

18 Mei 2025: Ruhusa

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, utunzi ni haki moja na rekodi ni haki nyingine, na wanamuziki wanaopiga wana haki zao juu ya kurekodiwa. Ndiyo maana Kenya kumekuwa na vyama tofauti vya kukusanya mirabaha: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa watayarishaji wa rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Hapa mwenye kinasa ni mimi, na nisipoandika vinginevyo, kesho mtu anaweza kusema rekodi ni yangu. Karatasi inasema wazi: rekodi ni ya bendi, mimi nina ruhusa ya kuisambaza bure ndani ya kipindi, wakitaka kuitoa au kuiuza hawaniombi.

Fomu ya kwanza niliichukua mtandaoni, kurasa nne za Kiingereza cha mawakili. Haikusainiwa na mtu yeyote, na sikuwalaumu. Ya sasa ni ukurasa mmoja, Kiswahili upande huu na Dholuo upande wa pili, na mwalimu mstaafu aliipitia Dholuo yake.

Fomu ilileta ubishi ambao naufurahia. Viongozi wa bendi walitaka kusaini peke yao, kama ilivyozoeleka. Nilishikilia kila aliyepiga aandike jina, chombo, na alichotunga: maneno, sauti, au mchoro wa gita. Katika bendi mbili ilijulikana hapo kwamba beti walizotoka kuziimba zilitungwa na waitikiaji, akina dada walio nyuma ambao majina yao hayakuwahi kutajwa popote. Yameandikwa sasa.

Gharama: nakala, sh. 640. Tafsiri, sh. 1,000. Shukrani kwa bendi, sh. 1,000 kwa kila wimbo uliosainiwa na kuingia kipindini, jumla sh. 9,000.

29 Juni 2025: Kusambaza

Kipindi cha kwanza kimetoka. Kwa MP3 ya kbps 128 saa moja ni kama MB 58, kinabebeka. Nimekiweka kwenye flashi kwa vinyozi wawili na matatu za barabara ya Kisumu hadi Kakamega, nakala nyingine kwenye WhatsApp.

Siku chache baadaye nyimbo zilinirudia kutoka kwa watu nisiowajua, jambo zuri, lakini zikiwa na majina kama AUD na tarakimu nyuma yake. WhatsApp huibadilishia faili ya sauti jina inapopokewa. Kazi yote ya kuusaka wimbo na wenyewe ikawa imefutika kwa kubonyezwa mara moja. Nimefanya mambo mawili. Kwanza, jina la wimbo, bendi na namba ya simu nayaandika ndani ya faili, kwenye lebo zake za ID3, ambazo hazibadiliki jina la nje likibadilika. Pili, na hili ndilo lililofaa zaidi, kila wimbo sasa unaanza na mmoja wa bendi akisema kwa sauti yake: sisi ni nani, tunatoka wapi, wimbo unaitwaje. Waimbaji wa benga wamekuwa wakijitaja ndani ya nyimbo zao tangu zamani, na bendi hazikuhitaji kufundishwa. Bendi ya Ahero imekwisha kupigiwa simu na watu wa harusi kutoka Mbale waliosikia ndani ya matatu.

Gharama: flashi, sh. 2,700. Jumla tangu Februari, sh. 37,890, zote kutoka mfukoni.

Kipindi kina nyimbo tisa badala ya kumi. Wa kumi unadaiwa na bendi mbili. Mpiga solo aliyetunga mchoro wake alihama Manyatta akaenda Kondele mwanzoni mwa mwaka, akaenda nao, na kule ukawekewa maneno mengine. Bendi ya kwanza inaupiga bado. Nimezirekodi zote mbili na kwa kweli kila moja ni nzuri kwa namna yake. Alhamisi tunakutana kwa mkodishaji vyombo wa Kondele, ambaye wote wanamheshimu, na mpiga solo amekubali kuja. Pendekezo langu ni kwamba mchoro uandikwe kwa jina lake, maneno kwa kila bendi iliyoyatunga, na matoleo yote mawili yaingie yakifuatana kwenye kipindi cha Julai. Wakikataa, nafasi itachukuliwa na wimbo wa orutu wa Maseno, ambao karatasi yake imekwisha kusainiwa na wote watano.